Kiti cha Mama Mkwe

Wanawake wa siku hizi wakinialika kwenye mikutano yao huniuliza ni nini kilichonisukuma kusomea uongozi nikiwa msichana, wakati ambapo hata wanaume wengi wa kambini kwetu hawakuwa wamewahi kupiga kura. Wanatazamia niseme kwamba nilipenda maendeleo. Huwa nakunywa chai yangu na kuwajibu kwa ufupi kwamba nilikuwa na shida iliyohitaji kamati. Wanacheka, mkutano unaendelea. Hapa nitaieleza shida yenyewe. Nilisomea uongozi ili nimwangushe mtu mmoja, nimwone akianguka, naye ajue ni nani aliyemwangusha.

Mtu huyo alikuwa nyapara wa kambi ya mbao karibu na Elburgon, kule juu ambako msitu wa Mau ulianzia nyuma ya vyoo vyetu. Mwenye kiwanda alikuwa Kalasinga mmoja mpole aliyezijua mashine zake kuliko alivyowajua watu wake. Baba alikuwa ametoka magharibi kuja kuvuta magogo kabla sijazaliwa, na kama wafanyakazi wengine alipewa kibanda cha mabanzi katika laini, ile safu ya nyumba za wafanyakazi. Ilikuwa miaka ya hamsini, siku za hali ya hatari. Msitu ulifungwa, na mtu hakutoka kambini bila pasi. Kalasinga alimwachia nyapara kila kitu ambacho hakikuwa msumeno: vibanda, mfereji wa maji, vishamba vya mboga, pasi, na lori.

Lori lilikuwa moja. Lilipeleka mbao stesheni, na siku nyingine lilishuka nazo hadi Nakuru. Aliyepanda lori alipanda kwa neno la nyapara.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa na kijana wa pale pale kambini. Uchungu wa mtoto wake wa kwanza ulimshika jioni, na kulipopambazuka mkunga wa kambi alitoka nje akipangusa mikono kwa leso, akaniambia mtoto amelala kwa kukingama, yeye hawezi, dada apelekwe hospitali Nakuru.

Mkunga huyo alikuwa mama mkwe wa nyapara, mama mzazi wa mke wake. Ni lazima nieleze jambo hili vizuri. Kambini kulikuwa na makabila kadhaa, na karibu yote yaliishika sheria moja: mwanamume na mama wa mkewe hawakutani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai chini ya paa moja, na wakionana njiani mmoja wao huingia majanini mpaka mwenzake apite. Hiyo si chuki, ni heshima, na wanaoivunja huonwa kama watu waliotembea uchi sokoni. Mkunga alikuwa akiishi na mwanawe aliyefanya kazi kwenye msumeno, kwa hiyo yeye na nyapara walikuwa wameigawanya kambi bila kuambiana neno. Yeye aliteka maji mapema, nyumba ya nyapara iliteka baadaye. Yeye alipita nyuma ya laini, nyapara alipita mbele. Sisi watoto tuliifanya kuwa mchezo, mmoja akawa mama mkwe na wengine tukatimuka.

Basi mkunga hakuweza kwenda mwenyewe kuomba lori. Alinituma mimi. "Mwambie ni mimi niliyesema," aliniambia. "Usiseme ni wewe wala mama yako. Sema ni mimi."

Nilimkuta nyapara ameweka mguu mmoja juu ya gurudumu, lori likipakiwa.

"Lori ni la mbao," alisema kabla sijamaliza.

"Mkunga amesema mtoto amelala vibaya. Amesema nikwambie ni yeye aliyesema."

Hapo aliushusha mguu, kwa kuwa neno la mama mkwe halitupwi hivi hivi. Akatazama juu ya mbao, akanitazama. "Hakuna nafasi. Kesho litashuka tena, tutaona."

Nafasi ilikuwepo. Juu ya mbao kulikuwa na magunia ya makaa yaliyofunikwa turubai, makaa yake mwenyewe ya kuuza mjini. Mimi niliyaona, dereva aliyaona, na wapakiaji ndio waliokuwa wameyapandisha. Hakuna aliyesema. Dereva alikuwa akitazama viatu vyake.

Dada alikufa mchana, mtoto akiwa ndani.

Nyapara alikuja matangani. Alileta sukari, akakalishwa kwenye kiti ambacho tuliazima kwa jirani, akasema ni kazi ya Mungu. Mama aliipokea sukari kwa mikono miwili na kumshukuru, akainama, kwa maana paa tulilolala chini yake lilikuwa mkononi mwa mtu huyo. Mimi ndiye niliyegawa chai. Nilimpa kikombe chake, nikamtilia sukari yake mwenyewe, nikamwuliza kama inatosha. Akasema inatosha, binti. Tangu siku hiyo kila jambo nililofanya lilikuwa na yeye ndani.

Haikupita muda akaja bibi wa maendeleo, mwanamke wa Kizungu aliyezunguka kambini na mashambani akianzisha klabu za akina mama. Alitaka kila klabu itoe msichana mmoja anayejua kusoma, apelekwe kosi Nakuru, afundishwe kuongoza wenzake. Serikali ilikuwa imeanza kusema kwamba kamati za kambi, zilizokuwa za wanaume watupu, ziwe na mwanamke mmoja kila mahali; mwenyekiti wa kamati yetu alikuwa nyapara mwenyewe. Kambini kwetu wasichana waliojua kusoma tulikuwa wachache, na mimi nilikuwa nimefika darasa la nne. Lakini ruhusa ya kutoka ilikuwa ya nyapara, kwa hiyo uchaguzi pia ulikuwa wake.

Alinichagua mimi. Nilikuwa nimesimama pale alipokuwa akimweleza bibi wa maendeleo. "Huyu ni mtoto mzuri," alisema. "Tangu afiwe na dada yake hata ukimkanyaga hasemi." Bibi wa maendeleo aliandika jina langu. Nilitazama chini kama msichana ambaye hasemi, na moyoni nikasema asante.

Tuliwekwa katika nyumba za mbao pembeni mwa mji, upande wa mlimani, ambako upepo ukigeuka ulituletea vumbi la magadi kutoka ziwani na nguo zilizoanikwa zikaanza kuwasha. Tulikuwa wasichana kutoka Molo, Njoro, Naivasha na mashamba ya wazungu ya katikati. Asubuhi tulifuma sweta, tuliogesha mwanasesere, tulipika uji wa maziwa. Mchana ulikuwa wa mikutano.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa viatu vya kamba kama vya karani na asiyependa kucheka. Alitugawa, hawa ni kamati, hawa ni wananchi, halafu akamchagua mmoja awe chifu wa kutusumbua. Msichana mnene wa Naivasha ndiye aliyeijua kazi hiyo. Alijifunga kitambaa kichwani kama kofia, akatoa tumbo, akatembea kama mtu aliyemeza ngoma.

"Nyinyi wanawake mmefuata nini hapa? Chakula mmeshapika?"

Tuliangua kicheko. Mwalimu akagonga meza. "Msicheke. Mjibuni."

Msichana wa Njoro akasimama. "Chakula kiko mekoni, mzee. Tumekuja kuuliza maji ya kukipikia yako wapi."

"Maji yako mtoni. Mguu wako umevunjika?"

"Mguu ni mzima, mzee. Mto ndio uliovunjika, ng'ombe wako wamelala ndani."

Hata mwalimu alilazimika kugeukia ubao. Kisha alitufundisha kwamba jibu tamu halitoshi. Baada ya kumchekesha mtu ni lazima useme unataka nini, mwingine aunge mkono, watu wapige kura, na uamuzi usomwe kwa sauti. Bila hayo, alisema, mmetoa mchezo tu na yeye atarudi nyumbani kula nyama. Alitufundisha kuzungumza na kiti cha mwenyekiti, si na mtu aliyekikalia, hata kama mtu huyo ni mume wako. Alitufundisha kusimama bila kushikashika leso. Vitu hivyo naviona vidogo sasa, lakini wakati ule ilikuwa kama kuonyeshwa bunduki inavyofunguliwa.

Mimi nilikaa kimya kwa siku nyingi. Siku moja mwalimu alinielekezea chaki.

"Wewe wa Elburgon. Umekuja kunyamaza?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi uliza swali."

Nikasimama. "Mwenyekiti anaondolewa namna gani?"

Mwalimu alisema hilo ni somo la mwisho kabisa, tulikuwa bado hatujajua hata kumchagua.

"Mimi nimekuja kwa ajili ya hilo," nikamwambia.

Alinitazama kwa muda. Hakuniuliza sababu. Akasema kamati inaweza kumwondoa kwa kura. D.O., ofisa wa serikali wa wilaya, anaweza kumwondoa kwa amri. Na mjumbe yeyote, hata mwenyekiti, akikosa mikutano mitatu mfululizo, kiti chake kinakuwa wazi, na akifika kisha akatoka kabla ya mkutano kufungwa anahesabiwa hakuwepo. "Hiyo ya mwisho," alisema, "hutumika kwa walevi."

Nilizipima njia hizo nikifuma. Kura isingewezekana, kwani wanaume wa kamati yetu walipewa vishamba na nyapara. D.O. alimpenda kwa sababu kambi yetu ilikuwa tulivu. Ilibaki ile ya walevi, na nyapara hakuwa mlevi. Alipenda mikutano. Alikaa kwenye kiti chenye mikono na kugonga meza kwa rungu dogo. Mtu wa namna hiyo utamfukuzaje mkutanoni?

Jibu lilikuja tukiosha vyombo. Msichana wa Molo, aliyekuwa ameolewa karibuni, alikuwa akitusimulia jinsi mumewe alivyokutana na mama yake sokoni, akachomoka mbio na kuangusha meza ya nyanya za watu. "Nyanya zote chini," alisema, "naye amejificha nyuma ya punda. Na punda anaondoka." Wenzangu walicheka mpaka wakalowa machozi. Mimi niliweka sahani chini. Nilikuwa nimeuona mkutano wetu wote mbele ya macho yangu, na kiti cha nyapara kikiwa kitupu.

Niliporudi kambini nilimtafuta mkunga kwenye kishamba chake cha sukuma wiki. Nilimwita nyanya, kama tulivyowaita wanawake wote wa umri wake. Hakuacha kupalilia.

"Wanasema utakuwa mjumbe," alisema. "Mmoja tu mwanamke, kati ya wale fisi."

"Nataka uwe wewe, nyanya."

Akainua kichwa. "Mimi sijui kusoma hata gunia la unga."

"Nitakaa nyuma yako nikusomee. Sheria inaruhusu."

Alikuwa mwanamke mwepesi wa akili. Nilimwona akilifuata neno langu mpaka mwisho wake, akafika, akasimama hapo. Aliegemea jembe.

"Mjukuu wangu, unataka kiti au unamtaka mkwe wangu?"

"Namtaka mkwe wako."

"Basi sema hivyo. Usinizungukie kama mnunuzi wa kuku."

Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Alisema tangu siku ile alikuwa hajazalisha mtu bila kuiona mikono yake ikipanguswa kwa ile leso. Alijua kwamba angeweza kutembea mwenyewe hadi kwenye lori, akavunja heshima, na huenda mkwe wake angekimbia na kuliacha. Alisimama mlangoni, akatuma mtoto. "Niliheshimu," alisema. "Yeye akapakia makaa." Akarudi kupalilia. Baada ya mstari mmoja akaniambia, bila kugeuka, kwamba siku ya uchaguzi jina lake lisitajwe na mimi, litajwe na mwanamke mwenye mume mkali, ili wanaume wasiseme ni wivu wa wasichana.

Klabu ilikutana chini ya banda la kukaushia mbao, bibi wa maendeleo akiwepo pamoja na karani wa D.O. Wanawake wote walikuwa wakinitazama mimi. Mke wa mchoma mkaa akasimama, akamtaja mkunga. Mnong'ono ukapita. Nikaunga mkono. Kwa kweli wapo waliofahamu papo hapo, niliona mabega yakianza kutikisika chini ya leso. Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti ya upole sana, "Na mwenyekiti ataketi wapi?" Mwingine akamjibu, "Ataketi na heshima zake." Mikono ikapanda yote.

Bibi wa maendeleo alihuzunika. Alinivuta pembeni na kuniambia sikupelekwa Nakuru ili nimwachie mzee nafasi yangu. Nilimwambia wanawake wameamua, na kosini tulifundishwa kwamba wakiamua inatosha. Karani akasoma sheria kwa sauti: mjumbe aliyechaguliwa na klabu hawezi kubadilishwa na mtu mwingine yeyote isipokuwa klabu yenyewe.

Mkutano wa kwanza ulifanyika katika ofisi ya kupimia mbao, chumba kimoja chenye mlango mmoja. Mkunga aliwahi. Alivaa leso mpya, akaketi kwenye benchi lililotazama mlango, nami nikakaa nyuma yake. Wanaume waliingia mmoja mmoja, wakamwona, wakatazamana. Kalasinga alikuja, akaketi, akafungua saa yake ya mfukoni. Kisha nyapara akatokea na rungu lake, mguu mmoja ukiwa umekwisha kuvuka kizingiti.

Sijui nitalieleza vipi. Uso wake ulifungika. Alivuta kofia ikamfika puani, akarudi kinyumenyume, akakanyaga ndoo, akapotea nyuma ya rundo la mbao. Kwa muda hatukusikia kitu ila msumeno.

"Kwa nini nyapara iko nje?" Kalasinga aliuliza.

Mjumbe mmoja alikuwa amejiziba mdomo kwa kofia. Karani akaita kutoka dirishani, "Bwana mwenyekiti, tunakungoja."

Sauti ikatoka nyuma ya mbao. "Anzeni. Mimi nasikia kutoka hapa."

"Sheria inasema uwe ndani."

"Ndani kuna jambo la kinyumbani."

"Jambo gani?"

Hakuweza kulitaja. Kumtaja mama mkwe mbele ya watu kungekuwa aibu kubwa kuliko kukimbia. Mkunga aliketi, mikono mapajani, akitazama mlango kama mtu anayengoja basi. Karani akaandika kwamba mwenyekiti hakuwepo. Mkutano ukaendeshwa na makamu, tukazungumza habari za vyoo.

Nilirudi nyumbani nikala chakula kingi. Mama aliniuliza ni nini kilichonifurahisha. Nikamwambia vyoo.

Kabla ya mkutano wa pili nyapara alimwendea D.O. D.O. alikuwa kijana, akamwambia mila ni za nyumbani na kamati ni ya serikali, na kama mwanamke mzee anaweza kukaa, mwanamume mzima atashindwaje? Mkutano ukafika, naye akawa mgonjwa. Kambi nzima ilijua ugonjwa huo. Watoto waliuweka katika ule mchezo wao, sasa mama mkwe alikuwa na benchi.

Lakini ilikuwepo njia moja ya kumwokoa, na niliiogopa kuliko D.O. Kwa desturi, mkwe anaweza kumpelekea mama mkwe blanketi na mbuzi, wazee wakakaa, na akivipokea njia hufunguliwa, wanaweza kuketi chini ya paa moja. Nyapara alituma vyote viwili. Aliyevileta ni mke wake, binti wa mkunga, mimba ikiwa kubwa, mtoto mwingine mgongoni. Nilikuwa pale nikimsomea mkunga habari za mkutano.

"Mama, pokea," alisema. "Akipoteza kiti Kalasinga atamwona si mtu tena. Tutakwenda wapi na hawa watoto?"

Mkunga alilishika blanketi, akalipapasa. Lilikuwa zuri, zito, la buluu. Akamtazama binti yake tumboni. Nilimwona akiyumba. Ni mama yule, na mimi nilikuwa mtu baki. Angepokea ningekuwa nimekwisha.

Nilisema neno moja tu. Nilisema, "Dada yangu naye alikuwa na mimba."

Binti alinigeukia. "Wewe una moyo wa namna gani?"

Yule mke wa nyapara hakuwa amenikosea lolote. Alikuwa amelia kwenye matanga yetu, na nilijua vizuri kwamba jiwe nililolitupa lingemwangukia yeye kabla ya kumfikia mumewe. Nililitupa vile vile. Mkunga alilikunja blanketi polepole, kona kwa kona, akaliweka juu ya mikono ya binti yake. "Mwambie ni zuri," alisema. "Mwambie nilituma neno kwake, akanijibu kesho. Na mimi namjibu kesho. Wewe siku zako zikifika nitakuja mwenyewe, hata kama yumo ndani."

Mkutano wa tatu ulijaa. Watu wasio wajumbe walibana madirishani, maana ilijulikana kwamba asipofika siku hiyo kiti kimekwenda. Na alifika. Aliingia kinyumenyume, mgongo ukitutazama, ametupa koti juu ya kichwa. Alipapasa mpaka akakipata kiti chake, akakigeuza, akaketi akiutazama ukuta. Hivyo ndivyo mwenyekiti wetu alivyofungua mkutano, akizungumza na ubao wa misonobari.

Kalasinga alifunga saa yake. Kuna mtu dirishani aliyesema, "Mzee, ukuta umeunga mkono?" Wakacheka, halafu wakanyamaza, kwa sababu haikuwa tena ya kuchekesha. Jasho lilikuwa limelowesha koti lake mgongoni. Nilikiona kila kidole chake kikishika rungu. Nilitamani iendelee mchana kutwa.

Tulikuwa tumepanga kwamba niulize mimi habari ya lori, kwa niaba ya mkunga, kama nilivyofundishwa. Nilisimama. Nilikuwa nimefungua mdomo mkunga aliponigusa mkono na kusimama mwenyewe. Kusikia sauti ya mama mkwe ikikuelekea mbele ya watu ni jambo ambalo wengi pale hawakuwa wamelishuhudia maishani. Hata dirishani walirudi nyuma.

"Nauliza kiti," alisema. "Nani huamua lori libebe nini?"

Mgongo ule haukusogea.

"Nauliza kiti. Siku ile nilimtuma mtoto huyu na neno. Lilifika?"

Nilingoja. Ningetoa chochote nisikie akisema ndiyo, mbele ya wale wapakiaji, mbele ya baba yangu aliyekuwa amesimama nje na kofia mkononi. Aliinuka. Rungu lilimponyoka likabingiria chini ya benchi letu. Alitafuta mlango kwa mikono, koti likiwa bado usoni, akagonga mwimo, akatoka. Tulimsikia akienda mbio juu ya maranda, ambayo hayana kishindo, kisha hatukumsikia.

Karani akauliza kama mwenyekiti atarudi. Hakuna aliyedai kwamba atarudi. Akaandika kwamba hakuwepo, mara ya tatu.

Siku hiyo hiyo nilitoa hoja kwamba mgonjwa atangulie mbao kwenye lori, na kwamba mkunga akisema, imekwisha semwa. Mke wa mchoma mkaa aliunga mkono kutoka dirishani, ambako hakuwa na haki, na karani akajifanya amesikia mjumbe. Kura zilipita. Wanaume wale wale waliopakia makaa waliinua mikono.

Mwalimu wa viatu vya kamba alikuja kututembelea miezi michache baadaye. Alikuwa amesikia kambi yetu ni mfano. Nilimweleza kila kitu, kwa sababu ndiye aliyenionyesha njia ya walevi. Hakufurahi.

"Sikuwafundisha ili mlipize," alisema.

"Najua, mwalimu."

"Na yule mke wake?"

"Najua pia."

Akaninyooshea kidole kama ananielekezea chaki. "Utakapochaguliwa wewe, na utachaguliwa, mtu mwingine atakutazama hivyo hivyo ulivyomtazama yule." Alisema kweli. Nilikaa katika baraza la lokesheni, yaani la kata, kwa miaka mingi baadaye, na sikuzote nilikaa mahali ninapouona mlango.

Nyapara hakudumu. Kalasinga hakuwa na hasira naye, ila hakuweza tena kumtuma mtu ambaye wapakiaji walimwigiza wakitembea kinyumenyume. Alipata kazi kwenye kiwanda kingine, upande wa Londiani. Siku ya kuhama, lori lilisimama mbele ya nyumba yake na vitu vikapakiwa: kitanda, masanduku, kuku kwenye tenga, kile kiti chenye mikono. Mkewe alikuwa amejifungua salama mikononi mwa mama yake, akapandishwa mbele na kitoto chake. Hakunitazama.

Nilikwenda kusimama pale barabarani ambapo lori lingepita. Sikujificha. Alikuwa akifunga kamba ya mwisho aliponiona, akashuka, akaja. Bila rungu alikuwa mtu mfupi. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari kupigwa.

"Binti," alisema, "sasa umeridhika?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa kuwa lilikuwa swali la haki na mtu aliliuliza kwa adabu. Nilitafuta ndani yangu kama ipo ile ridhaa niliyoingoja tangu matangani. Nilikuta mahali pake tu, patupu.

"Bado," nikamwambia.

Alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyetajiwa bei asiyoiweza. Akapanda nyuma, akaketi juu ya masanduku, na lori likashuka kuelekea stesheni. Nilisimama mpaka vumbi likatua, kisha nikaenda mferejini kuteka maji.